Panya Hupasuliwa Ili Augue, Sisi Tunaugua Bure

Panya wa maabara haugui saratani ya ini kama yetu mpaka apasuliwe tumbo. Hilo si fumbo wala kejeli. Ni maelezo ya kazi inayofanyika kila siku katika maabara za Marekani, Ulaya, China na Japani, na ninalileta hapa kwa sababu lafundisha mengi kuhusu siasa za afya katika nchi yetu kuliko hotuba nyingi tulizowahi kuzisikia Dodoma.

Saratani ya ini inayoua watu katika ukanda wetu ina vyanzo viwili vikuu vinavyofahamika: virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizokaushwa au kuhifadhiwa vibaya. Panya amekingiwa vyote viwili na maumbile. Virusi vya homa ya ini B havipati mlango wa kuingilia katika seli za ini lake. Sumukuvu nayo, panya aliyekwisha kukua ana kimeng'enya kinachoifunga na kuitoa mwilini kwa wepesi ambao ini la binadamu halina. Mlishe mahindi yaliyooza na hatapata ugonjwa ambao mkulima wa Mbarali anaupata. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujaribu dawa ya saratani ya ini hana budi kumtengenezea mnyama huyo ugonjwa kwa mikono yake.

Na mikono hiyo ni stadi kwelikweli. Mnyama hulazwa juu ya bamba lenye joto, kwa kuwa mwili mdogo hupoteza joto upesi chini ya dawa ya usingizi. Manyoya ya tumbo hunyolewa, ngozi ikapakwa dawa ya kuua vijidudu, kisha hukatwa mkato wa takriban sentimita 1. Pande la kushoto la ini, ambalo ni kubwa na lafikika kwa urahisi, hutolewa nje taratibu kwa pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi. Sindano nyembamba mno huingizwa kimlazo chini ya utando wa ini, na seli za saratani, ambazo huweza kufika milioni kadhaa ndani ya ujazo usiozidi tone moja, hudungwa polepole. Mpasuaji akifanya haraka, seli huvuja tumboni, saratani ikaota kila mahali isipokuwa pale ilipokusudiwa, na kazi ya wiki nyingi ikawa imeharibika. Sindano ikitolewa, kitundu hubanwa kwa pamba mpaka damu ikome, maana ini ni kiungo kinachovuja damu bila huruma. Msuli hushonwa peke yake, na ngozi peke yake.

Ziko njia nyingine. Wapo wanaochukua kipande cha uvimbe cha milimita 1 au 2, kilichokuzwa chini ya ngozi ya panya mwingine, wakakipandikiza ndani ya ini kama mtu apandikizavyo mche. Wapo wanaozidunga seli ndani ya bandama ili mkondo wa damu uzipeleke kwenye ini zenyewe, kisha bandama ikatolewa. Wapo pia wasiopasua kabisa, bali husukuma mililita 2 hivi za maji yenye vinasaba vya saratani katika mshipa wa mkia kwa sekunde zisizozidi 7, mpaka ini lifurike na kuvipokea.

Lakini lililonigusa zaidi katika taratibu hizo ni yale yanayofuata baada ya upasuaji. Panya hupewa dawa kali ya maumivu, ya jamii ya mofini. Hutazamwa kila siku, hupimwa uzito, na uvimbe wake hufuatiliwa kwa ultrasaundi au kwa kamera maalumu kila baada ya muda mfupi, tangu ungali mdogo kama mbegu ya ufuta. Kamati ya maadili huwa imekwisha kuandika mapema dalili ambazo zikionekana, mateso yake lazima yakomeshwe. Ni haki afanyiwe hivyo. Sisi wenyewe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na sioni sababu ya kumwonea kijicho mnyama anayetendewa kwa staha.

Sasa tumtazame binadamu. Chimala ni mji mdogo kando ya barabara kuu iendayo Zambia, reli ya TAZARA ikipita jirani, bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga upande mmoja, na upande wa pili mlima wenye kona 57 za kupandia Matamba. Mkulima wa hapo ambaye alipata virusi vya homa ya ini B siku aliyozaliwa haambiwi kitu na mwili wake kwa miaka 30 au 40. Analima, anaoa, anasomesha. Kisha anaanza kupungua, upande wa kulia chini ya mbavu unauma, tumbo linajaa maji, macho yanageuka manjano. Atapita kwenye zahanati atibiwe vidonda vya tumbo. Atapita duka la dawa. Hatimaye atafika kwenye hospitali yenye mashine, na kipimo cha kwanza cha ultrasaundi maishani mwake ndicho kitakachomwambia kwamba muda umekwisha. Kutoka hapo kwenda hospitali ya rufaa Mbeya ni safari ya asubuhi moja. Kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 700, na aghalabu wenye busara katika familia humshauri arudi nyumbani. Si kila kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani kwake kina mofini.

Majirani watasema amerogwa. Wasomi wetu hupenda kuwacheka watu hao, nami naona kicheko hicho kimeelekezwa kusikostahili. Mtu aliyekuwa mzima wakati wa kupanda mpunga akawa kaburini kabla ya kuvuna, bila mtumishi hata mmoja wa serikali kuwahi kuja kijijini kueleza virusi hivi ni nini na sumukuvu ni nini, aelezwe vipi na jamaa zake? Uchawi umejaza nafasi iliyoachwa wazi na dola.

Kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa tiba katika Afrika ya Mashariki angestahili kukijua. Mwaka 1976 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha habari za seli za saratani ya ini walizofanikiwa kuzikuza katika maabara bila kikomo. Zilitoka kwa kijana wa miaka 24, mtu wa Msumbiji, aliyekuwa na homa ya ini B. Seli hizo, zijulikanazo kama PLC/PRF/5, zingali hai. Zimepandikizwa kwa panya duniani kote kwa njia nilizozieleza hapo juu na nyingine. Dawa iitwayo sorafenibu, ambayo mwaka 2007 ilikuwa ya kwanza ya aina yake kuidhinishwa Ulaya na Marekani kwa saratani ya ini iliyokwisha kukomaa, ilijaribiwa kwa panya waliobeba seli za kijana huyo. Katika majaribio makubwa kwa wagonjwa, waliomeza dawa waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 10.7, na wasioimeza miezi 7.9. Tofauti haifiki miezi 3.

Ninaomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba miezi hiyo si kitu. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo ni kitu kikubwa. Wala sisemi kwamba sayansi ya panya ni anasa ya wazungu. Ninachosema ni kwamba jirani yetu wa ng'ambo ya Mto Ruvuma alikufa kwa ugonjwa unaozuilika, ini lake likaishi karibu nusu karne ndani ya miili ya wanyama wanaotunzwa vizuri kuliko alivyotunzwa yeye, dawa ikapatikana na kuuzwa kwa bei ambayo mwenzake wa Chimala hawezi kuigusa, na yote hayo yametokea ilhali kinga ya ugonjwa wenyewe ilikuwa imekwisha kugunduliwa.

Maana hatukosi ujuzi. Ushahidi wa kwanza ulitoka kwenye sahani zetu wenyewe. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti wa Uganda uliolinganisha kiasi cha sumukuvu katika vyakula vya watu na wingi wa saratani ya ini: katika sampuli 480, takriban asilimia 30 zilikuwa na sumu hiyo, na maeneo yaliyoongoza kwa sumu yaliongoza kwa ugonjwa. Mwaka 1973 ukafuata utafiti wa Murang'a, Kenya, uliofika kwenye hitimisho hilohilo. Baadaye watafiti wa Shanghai walionyesha kwamba mwenye virusi pekee ana hatari ya takriban mara 7 ya asiye navyo, aliyekula sumukuvu pekee takriban mara 3, na mwenye vyote viwili karibu mara 60. Wilaya ya Qidong, China, watu walipoacha mahindi na kula mchele kuanzia miaka ya 1980, vifo vya saratani ya ini vilipungua sana hata kabla kizazi kilichochanjwa hakijafikia umri wa kuugua. Wasomaji wangu wa Usangu, ambako katika kaya nyingi mchele huuzwa na ugali ndio huliwa, watautafakari mfano huo wenyewe.

Hoja kwamba baridi ya Nyanda za Juu hutukinga na kuvu ni nusu ya ukweli. Usangu ni bonde lenye joto, na hata huko kwenye baridi mambo si shwari. Utafiti wa Kitanzania uliochapishwa mwaka 2013 ulipima damu ya watoto wadogo katika vijiji vitatu vya Kilimanjaro, Tabora na Iringa, na kukuta alama za sumukuvu katika damu ya asilimia 84 yao. Ni watoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, wanaolishwa uji. Uji wa lishe, tunauita, na mama anayeuchanganya mahindi na karanga kwa nia njema hana namna ya kujua kilichomo. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa.

Basi dola yetu imefanya nini? Kwa haki, imefanya jambo moja kubwa. Mwaka 2002 Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto, na mamilioni wamekingwa. Lakini dozi ya kwanza ilipangwa wiki ya 6, na mwaka 2022, miaka 20 kamili baadaye, bado ilikuwa wiki ya 6. Mtoto anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki na virusi maisha yake yote. Mtu mzima anayeambukizwa leo, chini ya asilimia 5. Ni saa za mwanzo ndizo zinazoamua. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 kwamba kila mtoto, katika kila nchi, apate dozi ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Taiwan ilianza mwaka 1984 na watoto wa akina mama wenye virusi, ikaendelea na watoto wote, na ndani ya takriban miaka 10 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu.

Watetezi wa wiki ya 6 wana hoja, na si ya kipuuzi. Husema kwamba barani Afrika watoto wengi huambukizana wao kwa wao miaka ya mwanzo, si kutoka kwa mama, kwa hiyo wiki ya 6 inatosha kuwawahi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini wale walioambukizwa na mama ndio wasioweza kuwahiwa, na ndio watakaokuja kuwaambukiza wenzao uwanjani. Kumkinga anayecheza naye na kumwacha yeye ni kuziba dirisha huku mlango u wazi. Hoja ya pili ni fedha. Chanjo hiyo kwa mtoto mmoja hugharimu chini ya nusu dola. Shirika la Gavi lilikubali mwaka 2018 kuzisaidia nchi kuigharimia, kisha janga la UVIKO-19 likasogeza utekelezaji mbele. Nasi tukakaa kusubiri. Taifa linaloweza kununua ndege kwa fedha taslimu lilingoja ruhusa ya Geneva ili limkinge mtoto wake siku ya kwanza ya uhai.

Hoja ya tatu, kwamba wanawake wengi bado hujifungulia nyumbani, ina uzito vijijini kwetu. Lakini haitumiki kuwanyima BCG na matone ya polio wale wanaojifungulia hospitali, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini itumike kwa chanjo hii pekee.

Kwa upande wa sumukuvu, hadithi inachoma zaidi. Kati ya Juni na Novemba 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu, na 20 wakafa. Kenya walikuwa wamepata somo lao mwaka 2004, pale waliougua walipofika 317 na waliokufa 125. Miaka 3 baada ya vifo vya Dodoma na Manyara, tulihamisha kazi ya kusimamia usalama wa chakula kutoka mamlaka iliyokuwa ya chakula na dawa kuipeleka Shirika la Viwango. Mradi wa TANIPAC ulianza, nao haukuwa na ubaya. Lakini linganisha na yaliyotokea tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakajipanga Namanga, simu zikapigwa, viongozi wakazungumza, na kabla wiki haijaisha zuio lilikuwa limelegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Tunajua kupima, basi. Mahindi ya Iringa na Mbeya yanayovuka mpaka yatapimwa kwa ajili ya mlaji wa Nairobi. Yanayobaki, yale yanayokwenda kwenye mashine ya kusaga pale Chimala au Igurusi, hayapimwi na mtu. Na punje mbovu ambazo mnunuzi mwenye macho amezikataa hazitupwi. Zinakwenda kwa kuku, au kwenye pombe.

Vyuo vikuu vyetu navyo haviwezi kukwepa. Vimejifunza kuthamini utafiti kwa umbali wake kutoka kwetu. Kijana anayekwenda ng'ambo kujifunza kupandikiza uvimbe katika ini la panya atasifiwa, na asifiwe; anayetaka kupima mahindi ya ghala moja la kijiji kwa misimu mitatu ataulizwa jipya ni lipi. Hatuhitaji kuchagua kimoja. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wa APOPO hunusa makohozi na kubaini kifua kikuu kilichoikwepa hadubini, kazi iliyotokana na mahitaji yetu na inayosifika duniani. Mbeya kwenyewe kuna kituo cha NIMR chenye maabara na wataalamu wa kiwango cha juu, kilichojengeka zaidi kwa fedha za utafiti wa VVU na kifua kikuu. Uwezo upo. Ini halijapata mfadhili wa kuliitia watu mkutanoni hotelini.

Kuhusu tiba pia kuna kichekesho kisichochekesha. Tenofoviri, dawa inayotuliza virusi vya homa ya ini B, imejaa katika kliniki za VVU nchini, bila malipo. Mwenye VVU na homa ya ini B huipata kama sehemu ya tiba yake. Mwenye homa ya ini B peke yake hayumo katika hesabu za mpango ulioileta, kwa hiyo anaweza kukaa kwenye benchi la nje ya chumba chenye dawa yake na kuambiwa atafute fedha.

Kati ya Aprili na Juni wizara husoma bajeti zao Dodoma. Watumishi wa umma wanaonisoma wanajua namna mstari unavyoingizwa kwenye bajeti na namna unavyofutwa. Wanafunzi na wanaharakati wanajua mbunge wao ni nani. Swali la kuulizwa Wizara ya Afya ni fupi: dozi ya saa 24 itaanza mwaka upi wa fedha, na kwa fedha ya nani? Swali la Wizara ya Kilimo na Shirika la Viwango ni kwamba mahindi yanayoliwa nchini yatapimwa wapi, na nani, kabla hayajafika kwa msagaji. Halmashauri ya Mbarali haihitaji kusubiri jibu la kitaifa ili iwafundishe wakulima kuanika kwenye maturubai badala ya udongo, na kuwaonyesha wauguzi wa kliniki jinsi ya kuzungumza na mama kuhusu karanga za kutia katika uji.

Katika wodi ya wazazi, mtoto aliyezaliwa usiku huu atachomwa BCG begani na kudondoshewa matone ya polio mdomoni. Jokofu ni lilelile, muuguzi ni yuleyule, na kadi ya kliniki ni ileile. Panahitajika kichupa kimoja zaidi katika jokofu hilo, na mstari mmoja zaidi kwenye kadi, juu kabisa, kando ya BCG.